Konokono Ishirini na Nne wa Shemeji

Shemeji yangu ni karani wa masjala, na ukitaka kumjua huna haja ya kuongea naye. Mtazame akifunga faili. Anakaza kamba mafundo mawili, anapapasa jalada kama anayembembeleza mtoto alale, kisha anaandika upya namba ambayo tayari imeandikwa. Miaka kumi na tisa anafanya hivyo. Walioanza naye kazi sasa wana milango yenye vibao vya vyeo. Yeye ana kabati lenye kutu na ufunguo anaouvaa shingoni, utadhani ndani kuna kitu ambacho mwizi angekitaka. Dada yangu anasema alimpendea utulivu. Sawa. Hata gogo limetulia.

Utulivu huo una tundu moja tu, nalo ni konokono.

Konokono wenyewe ni wa karatasi. Kuna mchezo wa kadi ambao watu wazima, wenye kazi na watoto wa kusomesha, huucheza kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi na mihuri. Kila mchezaji anajitengenezea pakiti yake ya kadi sitini: viumbe wa kupigana, pamoja na kadi za maji na majani za kuwalisha. Mwenye akili anachanganya. Simba wawili watatu, radi, ngome, chochote kinachoua haraka. Shemeji aliamua kwamba viumbe wake wote watakuwa konokono. Konokono wa bustani, konokono wa pangoni, konokono mwenye gamba la shaba, ishirini na nne kwa jumla. Hawaumi wala hawarushi kitu. Wanapita tu upande wa mpinzani na kuacha ute. Alama za ute zikifika kumi, mpinzani amenasa na mchezo umekwisha. Ukisubiri zifike kumi, unaweza kuota mvi.

"Shem," nilimwambia siku moja, "weka hata radi moja tu."

"Radi inafanya nini kati ya konokono?"

"Inashinda."

"Itaharibu mada."

Alilitamka neno hilo kama anayetetea shahada ya uzamivu. Mimi stashahada niliiacha njiani, kwa hiyo namtambua haraka mtu anayejificha nyuma ya mada.

Chumba kile kina viti vinane, na mwenye duka, ambaye wote wanamwita Bi Stempu, ana sheria zake. Mchezo ni dakika arobaini. Muda ukiisha bila mshindi, wote wawili hawapati kitu. Msimu una wiki kumi na mbili, na anayeshika mkia anaachia kiti kwa aliye juu ya orodha ya wanaosubiri, kisha naye anakwenda mwisho wa orodha hiyo, nyuma ya watu thelathini. Shemeji alikuwa amekalia kiti chake miaka sita kwa kuponea chupuchupu, maana kila msimu alipatikana mzembe kumzidi. Msimu huu wazembe waliadimika. Baada ya wiki kumi na moja hakuwa na ushindi hata mmoja. Aliye juu yake alikuwa na mmoja na alishamaliza michezo yake. Wakilingana, kiti kinabaki kwa aliyekikalia zaidi. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho shemeji alitakiwa kushinda mara moja tu, jambo rahisi kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Dada akaniita jikoni. "Nenda naye. Wakimtoa, asirudi peke yake."

"Dada, wanamtoa kwenye kadi, si kwenye ukoo."

"Ofisini wanamwita Masjala. Hapa wanangu wanamwita 'muulize mama'. Kule wana jina lake."

Jina lenyewe ni Mzee Konokono. Nikaenda.

Mpinzani alikuwa kinyozi, Kiwembe, kijana mwenye pakiti aliyoinakili mtandaoni kadi kwa kadi, hata makosa yake. Nilijua atammaliza shemeji kabla chai haijapoa. Lakini siku hiyo simba wa Kiwembe waligoma kutoka, na konokono wakaanza kutambaa. Ute mbili. Ute nne. Dakika ya ishirini ulikuwa umefika saba, na Kiwembe akaacha kutafuna ubani. Watu wa meza za jirani wakageuza shingo. Shemeji alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Mzee Konokono," Kiwembe akasema taratibu, "kadi yako ya juu ni konokono."

"Umejuaje?"

"Igeuze."

Akaigeuza. Konokono.

"Inayofuata ni jani."

Ikawa jani.

Kumbe wiki hiyo shemeji alikuwa ameona vifuko vya plastiki anavyovalisha kadi za konokono wake vimechakaa kwa kupapaswa, akawanunulia vipya, vya kijani kinachong'aa. Majani na maji akayaacha katika vile vikuukuu. Ukitazama kadi kwa nyuma, hata ukiwa na usingizi, unajua ipi ni ipi. Na mtu aliyefanya hayo analipwa mshahara kwa kutambua mafaili kwa migongo.

"Kadi zenye alama, umepoteza mchezo," mmoja akadakia kutoka meza ya pili. "Ndiyo maana leo anashinda."

"Huyu?" Bi Stempu akasema. "Angejua kuiba angeiba wiki ya kwanza."

Shemeji alikuwa amewaka uso mzima. "Mimi sitazami mgongo," akasema. "Nawatazama wao."

Hapo nilitaka kutambaa chini ya meza, na sina gamba.

Aliyemwokoa ni Kiwembe, wala si kwa wema. "Mwache avalishe upya zote, Bi Stempu. Nikimshinda kwa plastiki, wateja watanicheka mpaka nifunge kibanda cha kunyolea."

"Avalishe. Lakini saa yangu haisimami. Zimebaki dakika kumi na tisa." Akatupa mezani pakiti ya vifuko vyeusi.

Kadi sitini, mikono sita. Shemeji akatugawia mimi na Kiwembe majani na maji, tukayamaliza kwa dakika tatu. Nikanyoosha mkono kuchukua konokono.

"Hao niachie."

"Shem, saa."

"Unakunja pembe. Niachie."

Akawavua mmoja mmoja. Kila mmoja alipulizwa vumbi, akainuliwa kwenye mwanga, akakaguliwa pembe nne, akavalishwa, akapapaswa. Kiwembe alirudia ubani wake. Bi Stempu alikuwa akitazama saa, kisha shemeji, kisha mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

"Nipe hata kumi nikusaidie," nikamsihi.

"Nakaribia."

Alitumia dakika kumi na mbili. Nilizihesabu zote. Alipolaza tena kadi mezani zilikuwa zimebaki dakika nne, na konokono hawakuambiwa wakimbie. Ute nane. Kiwembe akavuta simba, akala konokono wawili. Shemeji akalaza yule wa gamba la shaba kwa vidole viwili. Ute tisa. Akanyoosha mkono kuvuta kadi nyingine, na Bi Stempu akagonga meza kwa muhuri.

"Muda."

Ilikuwa sare, yaani hakuna kitu. Watu walirudi kwenye michezo yao, na hakuna aliyesema pole.

Fundi cherehani, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, alikuwa amesubiri mlangoni tangu saa nane akiwa na pakiti yake mkobani. Akaja, akashika mgongo wa kiti.

"Samahani, kaka. Nadhani ni changu."

"Dakika moja, dada. Nawapanga konokono kwa umri, wadogo mbele."

Nikamwinamia. "Shem, twende nyumbani."

"Umeona lakini? Tisa."

"Nimeona."

"Konokono watupu, bila radi."

"Nimeona, shem. Simama."

Hakusimama. Alikuwa amefika kwa konokono wa pangoni, na hao, akanieleza, wako saba. Fundi cherehani aliwavumilia wanne, kisha akakaa kwenye nusu ya kiti iliyobaki wazi, akaweka kadi zake mezani, akamuuliza Kiwembe nani anaanza.