Nukta Nyekundu ya Sharafiya

Kwa miaka minne niliendesha gari Riyadh nikiamini kwamba taa zina nywele. Kila taa ya barabarani, kila taa ya nyuma ya gari, ilinijia na nyuzi ndefu zilizotapakaa pande zote. Njia ya kwenda Jeddah, jua likishazama, ilikuwa mto wa nyuzi nyekundu na za dhahabu, nami naelea ndani yake polepole, watoto wa bosi wamelala nyuma. Niseme ukweli, nilikuwa naipenda safari ile kuliko kitu chochote cha nchi ile. Nilidhani kila mtu anaona hivyo.

Bosi wangu, kafili wangu, nilimwita baba. Mtu mpole, ila bunduki zilikuwa ugonjwa wake. Majira ya baridi alitupeleka jangwani, akapiga hema, akapanga makopo juu ya mchanga na kuyalenga mpaka chai ikapoa. Juu ya bunduki yake ya kuwindia alifunga kidude chenye kioo kidogo: ukichungulia unaona nukta nyekundu, unaiweka juu ya kopo, unafyatua. Kidude chenyewe kilikuwa taglid, cha kuiga, kimefananishwa na kile cha bei mbaya mpaka maandishi ya ubavuni. Risasi tano za kwanza kilikuwa na adabu. Ya sita kimeshahama. Baba analenga kopo, mchanga wa kando ndio unaoruka. Marafiki zake wenye vioo asli walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nami, na domo langu hili, nikamwambia, "Baba, rahisi ni ghali."

Likizo moja ya shule tulikuwa Jeddah, baba akasikia kwamba kuna Msudani mzee huko mtaa wa Sharafiya, fundi wa saa, anauza kioo asli kilichotumika kidogo. Siku ile alikuwa na wageni, basi akanituma mimi, na sheria moja tu: "Washa, chungulia. Nukta ikiwa duara safi, asli. Ikipasukapasuka, taglid, usikubali."

Nilikwenda kifua mbele. Kutumwa kukagua si sawa na kutumwa kubeba, ati! Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya wauza simu na ofisi ya kutuma pesa, na Ijumaa ile lilijaa watu. Mzee akakitoa kioo kwenye kitambaa, akakiwasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikafumba jicho moja, nikachungulia. Lo! Nukta gani ile? Ilikuwa nyanya iliyokanyagwa, na mkia juu.

"Taglid!" nikapaza sauti. "Mafi asli, si asli hata kidogo! Mzee mzima na mvi zako, unawauzia watu mbuzi kwenye gunia?"

Watu wakageuka. Mzee alichukua simu yake, akaweka kamera nyuma ya kioo, akapiga picha, akanionyesha nukta ndogo, duara kama punje ya mtama. Nikasema huo ni ujanja wa simu. Mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa anangoja saa yake akaomba achungulie. "Buda, mbona iko poa? Ni kadoti tu, kametulia." Nikamwambia asiingilie asichokijua, nikatoka nimeshinda.

Alasiri, wageni walipoondoka, baba akaja dukani mwenyewe, nikiwa nyuma yake tayari kushuhudia aibu ya mzee. Akachungulia kwa muda mrefu, kisha akanipa mimi. "Unaona nini?"

"Nyanya," nikasema.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mzee akanionyesha taa ya kijani ya duka la dawa ng'ambo ya barabara. "Na ile?"

"Ile ina miiba, kama taa zote."

"Taa zote?" baba akauliza. "Macho hukupimwa?"

Nilipimwa, ndiyo. Lakini miaka ile ndege zilikuwa zinabeba madereva kama magunia, na wakala wetu Nairobi alitukalisha chumbani akatukaririsha ile chati ya herufi E zinazogeukageuka: juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Tuliiimba tukipiga makofi, kama kwaya inayojiandaa kwa Krismasi. Hakuna aliyeona ni kosa. Tulidhani ni karatasi nyingine tu. Riyadh nikaiimba tena mbele ya mpimaji, naye akagonga muhuri.

Ningeweza kudanganya. "Nilikariri, baba," nikasema.

Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Akaendesha yeye, mimi nimekaa kando yake kama mgeni. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, iliandikwa dereva, na dereva asiyeendesha ni mzigo wa kurudishwa kwao. Nilimwona akilini mke wangu kule Voi, amesimama kwenye nyumba yetu isiyoezekwa bado, nikaogopa sana. Na Mungu anisamehe, nilijiogopea mimi tu.

Kesho yake baba akanipeleka kupimwa, safari hii bila wimbo. Miwani ingekuwa tayari siku ya pili. Nilipokuwa nangoja nilikwenda kumwomba mzee radhi. Akanimiminia kahawa. "Macho si dhambi, mwanangu," akasema. "Huo mdomo, huo ndio uutazame." Nilistahili.

Magharibi ya siku ya pili nikavaa miwani kwenye duka la miwani, nikatoka nje. Taa zilikuwa zimenywea. Kila moja ndogo, duara, imekaa mahali pake, na mto wangu haupo. Niliona huzuni, wallahi, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu. Kisha nikaona kwamba mle mlimokuwa na nyuzi mna watu. Mwanamke mwenye mtoto mbavuni anangoja kuvuka. Mzee juu ya baiskeli isiyo na taa. Watoto wawili wanagombania kandambili ukingoni mwa lami. Wote wana nyuso. Miaka minne niliwapita watu kama hawa nikifurahia rangi! Nikaegemea gari.

Baba akaja, akafungua kiganja changu, akaweka ufunguo. "Yalla, halas, yamekwisha. Madam anatungoja." Binti yake mdogo alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma, anavua viatu vyake alale kama kawaida.

Siku mbili nzima nilikuwa nimeomba jambo hilo moja, nipewe tena ule ufunguo. Nikamtazama mtoto. Nikamrudishia baba ufunguo.

"Leo endesha wewe," nikamwambia. "Naogopa."