Mpaka Rangi wa Maiti na Macho ya Baba Yake

Saa tatu kasorobo asubuhi, milango ya ukumbi bado imefungwa, na Corinne Teague anamchana maiti nywele.

Anamchana polepole kwa chanuo la plastiki, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kisogo, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Akimaliza anamrudisha kwenye rafu, kati ya bibi asiye na taya na mwanajeshi aliyeoza, kisha anamchukua mwingine.

"Nywele zikikaa vibaya, mtu haogopi, anacheka," anasema. "Na mimi sikuendesha gari kutoka Ohio mpaka St. Louis nije kuchekwa."

Ni Ijumaa, siku ya pili ya maonyesho ambako kila Machi wenye nyumba za kutisha hukusanyika kununua vitu vya msimu wa Oktoba, mwezi wa sikukuu ya kutishana, ambapo watu hulipa kuingia na kuogopeshwa. Banda la kulia linauza majeneza yanayofunguka yenyewe. La kushoto linauza damu ya bandia, kwa kikombe au kwa ndoo. Kwenye njia kuu, jamaa mwenye uso uliochunwa anakunywa kahawa na kula donati, msumeno wake ameuegemeza ukutani.

Humu ndani hakuna anayetishika. Watu hupita katikati ya vichwa vilivyokatwa wakiulizana habari za wajukuu na bei ya mbao.

Corinne ana umri wa miaka 44. Yeye na baba yake, Delmar, hutengeneza vinyago vya mpira katika karakana iliyo chini ya nyumba yao, mjini Zanesville. Mzee alianza kazi hii baada ya kiwanda cha vigae alichokitumikia kufungwa. Kinyago kimoja huuzwa dola 180, na karibu kila kinachouzwa kwa mwaka mzima huagizwa hapa. Anayekosa oda Machi, Oktoba hukaa nyumbani akigawa pipi za sikukuu kwa watoto wa jirani.

Kwa miaka yote hiyo kazi ziligawanywa. Binti alimimina mpira kwenye kalibu na kupandikiza nywele. Baba alipaka rangi, na baba ndiye aliyekuja St. Louis kukutana na wateja.

Kisha presha ya macho ikamvamia mzee. Mwaka jana alianza kuchanganya kijani na kahawia. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kila uso uliopo kwenye rafu umepakwa na Corinne.

Delmar, mwenye miaka 76, amekuja pia. Ameketi nyuma ya banda kwenye kiti cha kukunja, kofia imemfunika uso. Wateja wa zamani wanapita, wanamwita jina, hajibu.

"Hajalala huyo," ananong'ona Yolanda Prewitt, mwenye banda la damu. "Umeona wapi mtu amelala na mguu unatikisika?"

Baadaye mzee mwenyewe alikiri. "Mtu ananichangamkia, ananipa mkono, mimi naona koti limesimama. Nimuulize wewe nani? Mtu niliyekula naye nyama choma miaka kumi? Bora nilale."

Kisha akaongeza: "Halafu nimekuja kufanya nini? Kazi yangu imekwisha. Nimeletwa kama begi."

Kuhusu rangi, Corinne anasema hakuwahi kuupenda mkono wa baba yake. Mzee alipaka zambarau chini ya macho, kijani kwenye taya, na mstari mweupe juu ya pua, mnene kama wa barabarani. Ukikitazama kinyago chake mchana, ulikiona kikaragosi.

"Nilikuwa naona aibu, nikuambie ukweli," anasema. "Nikajiwekea nadhiri kwamba siku nikishika brashi mimi, maiti zetu zitafanana na maiti."

Majira ya baridi yaliyopita alifunga taa mpya karakanani, nyeupe, zenye nguvu. Chini ya taa hizo akapaka mishipa myembamba kama uzi, madoa ya uzee, ngozi yenye rangi ya nta. Alimwambia baba yake kwamba amerekebisha rangi kidogo.

"Akaniambia, 'Fanya utakavyo, macho ni yako.' Nikafurahi. Nilidhani amenipa ruhusa."

Alhamisi, siku ya kwanza, banda lake lilijaa. Wauzaji wenzake walikuja kupiga picha. Mmoja alimpigia saluti yule mwanajeshi. Hadi jioni, hakuna aliyekuwa ameagiza hata kinyago kimoja.

Milango inafunguliwa, na miongoni mwa wa kwanza kuingia ni Russ Hollenbeck, mwanaume mpana mwenye ndevu za kijivu. Anamiliki nyumba ya kutisha ndani ya kinu cha zamani cha unga, nje kidogo ya mji wa Paducah, Kentucky. Amekuwa akinunua kwa Teague tangu binti zake wakibebwa mgongoni.

Begani ana blanketi jeusi. Mkononi ana tochi, kioo chake kimefunikwa nailoni ya bluu na kufungwa kwa mpira wa manati. Ndivyo wanunuzi wa siku nyingi wanavyokuja. Ukumbi huu unawaka taa kama chumba cha upasuaji, ilhali kinu cha Russ kina giza na taa chache za bluu. Bidhaa lazima ionekane kule; namna inavyoonekana hapa haimhusu.

Anakichukua kinyago cha bibi asiye na taya, anakivika kwenye ngumi, anapiga magoti katikati ya njia na kujifunika gubigubi. Kinachobaki ni nundu ya blanketi yenye buti mbili. Watu wanaizunguka kama wanavyozunguka dimbwi, wala hawakatishi mazungumzo.

Nundu inatulia. Kisha sauti inatoka ndani yake.

"Delmar! Hamna mtu humu!"

Mguu wa mzee unaacha kutikisika. Anainua kofia. "Hamna mtu wapi?"

"Humu ndani! Umenipa donge la unga!"

Corinne anaingia chini ya blanketi. Anakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwandishi naye aliingia baadaye kuthibitisha, na ni kweli: ule uso uliopigwa picha na nusu ya ukumbi haukuwepo. Mwanga wa bluu ulikuwa umeimeza mishipa, madoa, makunyanzi, kila kitu. Kilichobaki ni kiazi cha kijivu chenye nywele nzuri.

Corinne anatoka, uso umemwiva, na kwenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, ulijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba rangi zangu zinafutika gizani! Ndiyo maana ulikuwa unabandika yale mazambarau kama mwendawazimu. Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi? Nilikuwa sijui."

"Baba! Miaka yote hiyo?"

"Mwanangu, kule chini nilikuwa na balbu moja ya wati arobaini. Umeme bei mbaya. Nilikuwa napaka mpaka nione. Basi."

Yolanda anacheka hadi analazimika kuiweka ndoo yake chini.

"Yaani we mzee," Russ anasema, "miaka yote nimekuwa nanunua ubahili wako?"

"Na ulilipa bei kamili."

Kicheko hakidumu. Russ anakunja blanketi lake na kumwambia Corinne ukweli, kwa upole wa mtu asiyependa analolisema. Hawezi kuchukua vinyago hivi. Kuna muuzaji mwingine mwisho wa ukumbi amekuwa akimwita tangu jana. Lakini kwa heshima ya mzee, atapita tena kesho baada ya chakula cha mchana kabla hajaamua.

"Kwangu watu wanalipa waone kitu, dada yangu. Siwezi kuwauzia giza."

Kama Russ akienda kwa mwingine, wengi watamfuata, na Corinne analijua hilo. Watu wa biashara hii huulizana Russ kanunua wapi. Bila oda za Machi karakana haifiki Oktoba, na Corinne tayari ameshapigiwa simu na ghala moja la kufungasha mizigo kwao kuhusu kazi ya zamu.

Anaazima rangi kwa Yolanda, ambaye pia huuza za kupaka miili. Anafunika meza kwa magazeti na kuanza upya hapo hapo bandani. Zambarau. Kijani. Nyeupe. Yolanda anamwachia shuka lake jeusi la mezani, na Corinne, akiwa na tochi ya simu iliyofunikwa nailoni ya bluu, anaingia na kutoka chini ya shuka mpaka nywele zinasimama.

Tatizo ni macho yake mwenyewe. Kila akiingia, anaona uso mzima. "Mimi nimeutengeneza. Najua pua iko wapi. Hata ukizima kila taa naiona," anaeleza. Anamwomba Yolanda ajaribu. Yolanda anasema kizuri. Anampa kingine. Kizuri pia.

"Ananionea huruma," anasema Corinne. "Huruma hainisaidii kitu."

Ndipo sauti inatoka nyuma ya banda.

"Huyo hana mdomo."

Corinne hageuki. Anadhani anataniwa. "Yupi, Baba?"

"Huyo uliyemshika. Paji la uso naliona. Mashavu nayaona. Chini hamna kitu."

Kati ya kiti na meza kuna hatua nne au tano. Corinne anachukua brashi nene, anakoleza weusi pembeni mwa midomo, anapitisha nyeupe kidevuni. Anainua kinyago.

"Na sasa?"

Mzee anasukuma kofia nyuma. "Sasa ana mdomo. Macho umeyasahau."

"Hapo nililia kidogo," Corinne anamwambia mwandishi. "Usiandike." Anafikiri, huku anafuta mikono kwa kitambaa. "Haya, andika."

Mtu anayelipa kuingia nyumba ya kutisha hapati nafasi ya kuchunguza mishipa. Ana sekunde mbili, ndani ya giza, moyo unamdunda. Anaona weusi na weupe, mabaka tu, na hayo mabaka ndiyo yanayomfanya apige kelele. Delmar Teague anaona hivyo mchana kweupe, chini ya taa zote za ukumbi. Wala hahitaji blanketi.

Alasiri nzima wanafanya kazi, na Jumamosi asubuhi wanaendelea. Kiti kimesogezwa kutoka nyuma ya banda hadi ukingo wa njia. Mzee anaamrisha kwa sauti ya kiwandani.

"Pua! Huyo hana pua!"

"Anayo, Baba!"

"Labda ameiacha Ohio. Kwangu haijafika."

Wapita njia wanasimama kusikiliza. Wa zamani wanamsalimia, na safari hii anajibu. Asipomjua mtu, anasema, "Sikuoni, taja jina," naye anataja, na mazungumzo yanaendelea. Hakuna aliyekasirika. Mmoja kutoka Michigan alimkumbatia kwa muda mrefu, akaondoka anafuta macho.

Vinyago vyenyewe vimekuwa vibaya. Chini ya taa za ukumbi vinafanana na vikaragosi, sawasawa na vya zamani, na waliopiga picha Alhamisi wanapita bila kutoa simu mfukoni. Corinne hafichi kwamba inamuuma. Ile mishipa myembamba aliipenda.

Baada ya chakula cha mchana Russ anarudi, ndevu zina mchuzi wa ravioli. Anamchukua bibi asiye na taya, yule yule, anapiga magoti na kujifunika.

Nundu imetulia. Corinne amesimama na brashi mkononi, rangi inamdondokea kiatuni, hana habari. Yolanda amemwacha mteja wake katikati ya bei. Mguu wa Delmar umeanza kutikisika tena.

"Yumo," inasema nundu.

Russ anaagiza vinyago kumi na vinane. Kabla ya jioni anakuja yule wa Michigan, kisha mama mmoja mwenye shamba la mahindi la kutisha huko Indiana. Oda hazikufikia za mwaka jana. Zinatosha kuwavusha hadi Oktoba, na Corinne tayari amelipigia simu lile ghala, kuwashukuru na kuwaambia hapana.

Akirudi Zanesville, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuzing'oa zile taa nyeupe na kurudisha balbu ya baba yake. Kiti cha mzee kitawekwa mwisho wa karakana. Hakuna uso utakaotoka bila kukaguliwa naye.

"Na mshahara nimeutaja," anasema Delmar. "Kahawa, na nisiitwe begi."

"Ulijiita mwenyewe!" anafoka binti yake.

Kuna mpango mwingine. Kwa miaka yote ya kutengeneza maiti, Delmar hajawahi kuingia nyumba ya kutisha hata moja. Ukimuuliza sababu, hajivungi: anaogopa. Russ humwalika kila mwaka, naye kila mwaka husingizia mgongo. Oktoba hii amekubali. Corinne atamshika mkono, wataingia kinuni pamoja na watu wengine wote, wakutane na nyuso zao.

Mwandishi alimuuliza kwa nini sasa, wakati macho ndiyo yanakwisha.

Mzee aliivua kofia, akaiweka gotini.

"Hapa nje kila mtu ananishinda," alisema. "Mle ndani tutakuwa sawa."