Rangi ya Jeep ya Mzee Tarsisi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaponusa rangi mbichi. Maman Veneranda alitoka ndani amejifunga kitenge chake cha Jumapili, mkoba mkononi, akalitazama gari tulilomwandalia, kisha akageuka na kurudi jikoni.

Nakusimulia kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha za lori kuukuu la jeshi unalolifufua, ukaniuliza rangi yake halisi inapatikana wapi. Jibu langu ni refu kidogo, univumilie.

Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, nikitaka tu kujua barabara zinaishia wapi. Nilikulia Bukavu, nikahangaika Uvira, nikavuka mto Rusizi ulio mpakani, na siku moja basi dogo likatuharibikia kijijini Nyakabuye. Wenzangu walikaa kusubiri. Mimi nilisikia mtu anagonga chuma nyuma ya ua, nikaenda kuchungulia. Chini ya jeep ya jeshi isiyo na matairi niliona miguu ya mtu.

"Weye mwenye kupumua," ile miguu ilisema. "Unipe spana iko pale karibu ya kuku."

Nilimpa. Basi liliondoka bila mimi.

Huyo alikuwa Mzee Tarsisi, mstaafu aliyeendesha malori ya saruji maisha yake yote. Jeep aliipata kama chuma chakavu, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Hakuitaka kwa biashara. Aliipenda tu, kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa. Alinifundisha kulowesha boliti yenye kutu kwa mafuta na kuiacha ilale, badala ya kuilazimisha ikakatika. Kila boliti niliyoifungua alitaka niirudishe kwa mkono kwenye tundu lake, isipotee. Kwa mtu kama mimi, ambaye sikuwahi kukaa mahali hadi nikajulikana jina, somo hilo lilikuwa geni na tamu.

Mkewe, Maman Veneranda, alitulisha huku akitucheka. "Tarsisi alioa bibi wa pili," aliwaambia majirani, "na huyu hapiki." Lakini naye alikuwa na ombi lake. Dada yake mkubwa, aliyemwita Yaya, aliishi chini Bugarama karibu na mashine za kukoboa mpunga, na macho yake yalikuwa yamefifia. Goti la Maman lilikuwa limekataa pikipiki na kubanana kwenye basi. Hawakuwa wameonana tangu mavuno.

"Siku ile kitu yenu itatembea," alituambia, "munipeleke kwa Yaya."

Injini ilipoanza kunguruma vizuri, Mzee alivuka mpaka kwenda Bukavu kutafuta pampu ya breki. Mimi nikataka kumshangaza. Nilikwangua kutu nikakuta kijani cha zamani cha kijeshi, nikachanganya rangi mpaka ikafanana kabisa. Nikarudisha namba nyeupe kwenye boneti. Nikafunga hata kile chuma cha kushikilia bunduki, ambacho Mzee alikuwa amekiweka bandani. Aliporudi aliniona nilivyofurahi, akaenda kufunga pampu yake.

Basi ikafika Jumapili, ile asubuhi niliyoanza nayo. Nilimfuata Maman jikoni.

"Maman, ile njo rangi yake ya kweli. Ilizaliwa nayo."

"Naijua ile rangi kukupita," alisema, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Sikatae motokari, mwana. Nakataa bantu bakimbie kwa sababu yangu."

Nilidhani ni woga wa uzee. Nilipotoka nje, Mzee alikuwa ameshakaa kiti cha abiria. "Endesha," aliniambia. "Twende siye wawili mpaka Bugarama."

Tulishuka kwenye joto la bonde. Mbele yetu wanawake walitembea na mafurushi kichwani. Waliposikia injini waligeuka, wakatuona, wakaacha barabara, wakaingia kwenye mfereji wa mpunga, maji yakiwafika magotini. Furushi la mmoja lilianguka majini. Hakuna aliyepiga kelele, mwanangu, na hilo ndilo lililoniuma. Walijua la kufanya. Walishalifanya siku nyingine, wakati wa vita ng'ambo ya mto, na miguu yao ilikuwa inakumbuka.

Mzee aliniambia nizime. Tuliingia mferejini tukaliopoa furushi. Yule mwanamke aliona grisi mikononi mwetu, akaanza kucheka.

"Kumbe ni bafundi tu. Roho yangu ilishafika Bujumbura, njo inarudi sasa."

Mzee alikaa kwenye bampa akikamua suruali. "Ulitumika kazi muzuri," aliniambia kwa upole. "Ulirudisha kila kitu. Lakini injini njo tulikuwa nayo hamu, na breki, na gia. Ile ingine hakuna muntu alikuomba. Uiache ilale."

Angenikaripia, ningeondoka siku hiyohiyo, kama nilivyoondoka kwingine. Hakunikaripia, nikabaki, nikashika msasa.

Rangi mpya aliichagua Maman: buluu ya mlango wa jikoni kwake. Jirani mmoja alisimama langoni akatikisa kichwa. "Mulifanya jeep ikuwe sista. Sasa itaanza kuimba misa."

Jumapili iliyofuata Mzee alishika usukani, Maman akakaa mbele kando yake, kikapu mapajani. Kule bondeni wanawake waligeuka, wakatazama, wakabaki barabarani. Mmoja akapunga mkono kuomba lifti. Nilianza kuamini tumemaliza kazi, mpaka Maman alipomshika mumewe mkono kabla ya kona ya mwisho.

"Zima hapa. Yaya haone. Ataisikia tu."

Hilo hatukuwa tumelifikiria hata mmoja wetu. Ngurumo haipakwi rangi. Mzee akazima, tukashuka, tukasukuma, jasho likitutiririka, na Maman ndani ya gari lililozimwa akiita mbele yetu, "Yaya, ni miye. Ni miye Vene." Mlangoni bibi kizee aliinua uso, akanyoosha mikono yote miwili hewani, akiitafuta ile sauti.

Sasa nakujibu, mwanangu. Rangi halisi ipo Bukavu, ukitaka nitakupeleka. Lakini kabla ya kuinunua, tembea kwa miguu barabara utakayopita, uongee na wanaoishi kando yake. Tengeneza kila kinacholifanya lori litembee, na usichoke. Kinachowarudisha watu kwenye kukimbia kiache bandani, hata kama ni cha kweli. Na mtu akikataa kupanda, usianze kumweleza gari lako. Kaa naye jikoni kwanza.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kuona kutu mapema. Akujalie barabara ambayo watu wakikusikia unakuja, watabaki pale walipo wakikungoja.