Born-tao Mbele ya Kaburi

Baba yangu mdogo akitaka kukumaliza, hakutukani. Anakuita born-tao, anacheka, kisha anaendelea kunywa chai yake.

Kwetu Soweto West, Kibera, neno hilo halikuwa na shida. Born-tao ni mtu aliyezaliwa mjini, basi. Vijana wa ploti yetu walijiita hivyo kwa maringo, hasa mbele ya yule aliyefika jana kutoka ushago. Hata mimi nilijiita. Baba alikuwa Mjaluo, mama Mluhya, na katika kile chumba kimoja tulilelewa kwa Kiswahili cha Kibera. Lakini baba mdogo alilitamka kama anatema kitu. Kwake yeye, born-tao ni mtu asiye na kwao.

Baba alipofariki, mkutano wa mazishi ulifanyika kwa huyo baba mdogo, Kawangware, mjini humu humu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikasema nitamuaga baba kaburini.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe born-tao? Utaongea lugha gani? Usituaibishe."

Wazee wakaangua kicheko, mama akainamisha kichwa. Aisee! Mtu amekaa Kawangware tangu sijazaliwa, wajukuu wake wanaongea Sheng tupu, lakini born-tao ni mimi. Nilitamani kummwagia ile chai.

Nikaenda kwa jirani yetu anayeuza dagaa wa omena, Mjaluo, nikamwomba anifundishe maneno machache ya kumuaga baba. Siku tano mfululizo, yeye akipimia wateja, mimi nikikariri kando ya beseni. Nikikosea ananiambia, "Rudia, mami." Nikarudia hadi nikayajua.

Siku ya mazishi, huko ushago, maiki ilikuwa kwa baba mdogo. Zamu yangu ilipofika alinitambulisha kwa Kijaluo, nami nikashika neno moja tu: born-tao. Watu wakacheka. Nikachukua maiki. Sentensi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili pia, hata bibi mmoja akaitikia. Ya tatu ikapotea kabisa. Nikafungua mdomo, kikatoka Kiswahili.

"Baba..."

Akaninyang'anya maiki. "Inatosha. Tuendelee."

Nilimchukia pale pale, na bado namchukia, sitadanganya mtu. Baba hakuwahi kunisemesha Kijaluo. Kila jioni akitoka mjengo, viatu vikiwa na simiti, alisimama mlangoni akauliza, "Niaje watu wangu, mmekula?" Sisi tukamrukia kwa kelele, "Bado, tunakungoja!" Na mama, akiwa jikoni kwake pale kwenye kona, alitukemea kila siku kwa maneno yale yale, tusimsumbue baba.

Nikasogea mpaka ukingoni mwa kaburi. Maiki ya nini? Mimi nimezoea kuita mtu ng'ambo ya mabati.

"Niaje, baba!" nikaita. "Bado hatujakula. Tunakungoja."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akaanza kusema kitu kwenye maiki, nikampa mgongo. Nikaita tena, na tena.

Ndipo mama akanishika mkono, akanivuta nyuma taratibu.

"Mwacheni akae kwanza," akasema. "Amechoka."