Bibi wa Banda la Nyuma

Kila sikukuu ya taifa inapokaribia, ndege za kivita za nchi hii huanza mazoezi, na mazoezi hayo hunitia balaani. Mwaka wangu wa kwanza Lusail, mji jirani na Doha, nilipangwa ulinzi wa geti la maegesho, chini ya jengo refu la ofisi. Nilikuwa na kiti, paa dogo la bati, na kitufe cha kuinulia mti wa geti magari yapite. Zikapita nne kwa pamoja, chini chini, mngurumo ukatikisa bati. Nikainuka kitini, nikatoka kivulini mpaka katikati ya njia ya magari, nikasimama nimeinua uso nikizisubiri zirudi.

Hazikurudi. Zilikwenda kutua kwenye uwanja wao, upande mwingine wa jiji, na mtu mwenye akili zake angelijua hilo. Magari yakajipanga mbele ya geti, honi zikaanza, na msimamizi wetu, Mzanzibari mwenye haraka zake, akaja mbio.

"Yakhe, umepatwa na nini? Yalla, fungua hilo geti!"

Ningemweleza nini? Kwamba kwetu, kwenye kikosi cha anga nilichokitumikia ujana wangu wote, ndege ikiwa juu, fundi hakai? Haikuwa sheria iliyoandikwa popote. Uliikuta, ukaifuata. Rubani akishapaa, fundi wa ndege ile husimama ukingoni mwa njia ya kurukia mpaka magurudumu yaguse tena lami. Jua liwake, mvua inyeshe, chai ipoe, utasimama. Ukikaa, wenzako wanakutazama kama mtu anayecheka msibani. Kwa hiyo nilifungua geti nikaomba radhi, na msimamizi akaamini nimepigwa na jua.

Nchi ndogo maskini hununua ndege za kivita kama sisi raia tunavyonunua magari: mtumba, rangi mpya, na muuzaji anayeapa kwamba vipuri havitakosekana. Nchi ndogo tajiri, kama hii ninayoilindia magari, hununua mpya, tena kwa mataifa tofauti tofauti ili asinune mtu. Walinzi wenzangu kutoka mabara mengine wamenisimulia habari za majeshi ya kwao, na habari ni ile ile: ndege chache, gwaride moja kwa mwaka, na moja iliyoegeshwa nyuma inayoliwa na wenzake.

Yetu ya kuliwa tuliiita Bibi. Alikaa banda la nyuma, na kazi yake ilikuwa kutoa. Pampu ya mafuta ikifa kwenye ndege nyingine, unakwenda kwa Bibi. Tairi, kioo, nyaya, vyote kwa Bibi. Mkuu wetu wa mafundi alipiga marufuku neno kung'oa. Tuliruhusiwa kusema kuazima tu, kwa sababu ipo siku Bibi angerudishiwa vyake vyote na kuruka. "Leo tumemwazima Bibi macho," tulisema siku tulipochukua taa zake, tukacheka mpaka mkuu akatufukuza bandani. Mimi ndiye niliyekabidhiwa Bibi. Nilimfuta vumbi kila asubuhi, nikamziba matundu ili mbayuwayu wasijenge ndani yake, na wenzangu walinitania kwamba nimeoa ajuza.

Ikafika wakati hata zile zilizokuwa zikipaa zikakoma. Mafundi tukapewa fyekeo, tukawa tunafyeka nyasi kando ya njia ya kurukia isiyorukiwa na kitu. Mkataba wangu ulipoisha, mkuu akaniita.

"Mwanangu, nenda kahangaike na maisha," akasema. "Vipuri vimeshaagizwa. Vikifika, wewe ndiye wa kwanza kuitwa. Nani mwingine anamjua Bibi?"

Neno hilo ndilo nililokuja nalo Doha. Nilikuja mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sikutaka kubadili godoro nililolikuta, likiwa na shimo la mtu mwingine katikati. Kiarabu sikujifunza zaidi ya khalas, yaani basi, na shwai shwai, yaani polepole, maana niliona nikijizoesha nitakuwa nimekubali. Mke wangu alipouliza narudi lini, nilimjibu kwamba Bibi akipona. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, halafu akaacha kuuliza.

Chumbani kwetu, mtaa wa Najma, naishi na Mkenya mmoja, mlinzi kama mimi, mwenye mdomo usio na breki.

"Buda, hizo ndege zenu zilikuwa zinapaa kweli, ama ni story za jaba, za watafuna miraa?"

"Zilipaa."

"Na saa hii unapaisha boom ya parking. Si mbaya, bado uko kwa aviation!"

Nilicheka naye, na nilicheka kwa dhati. Mtu wa kupita hachomwi na utani wa mahali asipokaa.

Mwaka huu, katika wiki ile ile ya mazoezi, nilikuwa nimekaa nje ya duka la karak, chai ya maziwa na iliki, hatua chache kutoka chumbani, picha ikaingia kwenye simu. Ilitoka kwa mkuu wangu, ambaye sasa ni mstaafu. Bibi alikuwa juu ya nguzo kwenye lango la kambi, amepakwa rangi ya fedha, pua imeelekezwa mawinguni, magurudumu yamekunjwa kama ya ndege iliyokwisha kupaa. Matundu niliyokuwa nikiyaziba kwa matambara yalikuwa yameshindiliwa zege. Chini yake wageni waheshimiwa walikuwa wakikata utepe. Mkuu alikuwa ameandika: "Hatimaye tumemtendea haki Bibi wetu."

Nikampigia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Umeona alivyopendeza?"

"Nimeona. Na vipuri je?"

Akakohoa. "Kile kiwanda kilishafungwa, mwanangu. Zamani."

"Zamani lini?"

"Kabla hujaondoka."

"Ulijua?"

"Nilijua. Sasa ningekwambia, ungeondoka? Ungebaki pale unamfuta vumbi mpaka wanao walale na njaa. Nilikufukuza kwa wema."

Akaniombea dua nyingi, akakata simu. Nilitamani nimchukie nikashindwa, kwa sababu alisema kweli, nisingeondoka. Chai ikapoa mbele yangu. Nilikata tamaa, na nasema hivyo hivyo bila kupamba. Miaka yote nilidhani nimekuja Doha kusubiri, kumbe nilikuwa nimehamia na sikuambiwa. Ufundi nilioutunza mikononi, nikiurudia kitandani kimoyomoyo, bomba kwa bomba na waya kwa waya, ulikuwa ufundi wa sanamu. Na mke wangu nilimwahidi nini? Bibi akipona.

Nilimwonyesha Mkenya ile picha. Safari hii hakutania.

"Pole sana, buda," akasema. Kisha, kwa kutafuta la kunifariji, akaongeza, "Lakini si angalau wamempaka rangi?"

Akauona uso wangu, akanirudishia simu, akatoka kwenda kuniletea chai ya moto. Wema wake uliniumiza kuliko mizaha yake yote.

Kesho yake zamu yangu ilinikuta getini. Mngurumo ulipoanza upande wa baharini, msimamizi alikuwa ameshafika kunilinda mimi mlinzi.

"Yakhe, leo usinitie aibu."

Sikumtia aibu. Zilipita juu yetu, watu wakatoa simu zao kuzipiga picha, nami sikuinua hata uso. Nilibonyeza kitufe, magari yakaingia moja baada ya jingine, hakuna aliyepiga honi. Msimamizi akafurahi. Mngurumo ulipotoweka kabisa akakivuta kiti changu kivulini, akakipangusa kwa kiganja.

"Haya, kaa sasa. Zimeshakwenda zao."

Nilikitazama kile kiti. Nikamwona Bibi juu ya nguzo yake, pua mawinguni, magurudumu yamekunjwa. Nilimsubiri apae miaka yote ile, nao wamempaisha bila mimi, wakamfunga kwa zege huko huko juu. Hatashuka tena. Na fundi wake ni mimi.

"Ahsante, bosi," nikamwambia. "Nitasimama tu."