Filamu Iliyotugawa Saluni

Juzi, kwenye saluni moja ya mtaani Kashaulili, tulikuwa tunasukwa huku tukitazama filamu ya vijana wasioongea na mtu nyumbani kwao. Ikaisha ghafla, binti mmoja akiwa amejifungia chumbani.

"Ndiyo nini sasa? Inatisha bure," msusi akalalamika.

"Mimi nimeipenda," akasema binti wa sekondari aliyekaa na mama yake.

Mama akacheka, macho kwenye simu. "Watoto gani hao hawaongei na wazazi?"

"Hata sisi hatuongei, mama."

Mama akazima simu, akamgeukia. "Haya, nisimulie. Mimi sikuiona vizuri."

Sisi wengine tulibishana mpaka jioni kama filamu ile ina maana. Wale wawili walitoka bado wanaongea.