Mtani Wangu na Kitambaa cha Njano

Nakumbuka Jumapili moja kule Buffalo, mwanangu, enzi za uanafunzi wangu, theluji imepanda hadi madirishani. Tulikuwa chumbani kwangu tukitazama mpira wa Kimarekani, mimi na Masanja. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watani tangu enzi za mababu. Na mtani, unajua, anaruhusiwa kukutukana hata mbele ya mkweo, nawe ucheke.

Zilibaki sekunde chache, timu yetu inaongoza. Mwamuzi akatupa kitambaa cha njano: eti beki wetu amemvuta mkono mdakaji kabla mpira haujamfikia. Adhabu ile ikawasogeza wapinzani hadi mlangoni kwetu, wakatufunga. Nikasema tumeibiwa. Masanja, akitafuna karanga zangu, akasema kweli kamvuta, tena kwa mikono miwili. Tukarudia picha mara nane. Mwisho akanitazama kwa huruma.

"Nyie Wazaramo mnataka kila refa awe mjomba wenu."

Ningecheka, yangeisha. Nikafungua mlango. "Toka kwangu."

Akadhani natania. Alipoona sicheki, akavaa koti lake.

Mama Neema, Mtanzania wa Kenmore, kitongoji cha jirani, aliyetulea wanafunzi sote, alinipigia simu siku ya pili. Alinikumbusha kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, kisha akasema, "Mtani hakasirikiwi. Kamwombe radhi leo." Nikajibu kwamba atarudi mwenyewe. Hakurudi. Alipata kazi Columbus, nami nikahamia hapa Louisville.

Miaka ikapita. Habari ya kifo cha baba ilipofika kutoka nyumbani, watu walijaa sebuleni kwangu, wote wakinong'ona. Hakuwepo mtani wa kumsema marehemu kwa ubahili wake hadi wafiwa tucheke, kama ilivyo desturi yetu msibani. Nikampigia Masanja.

"Pole sana, kaka. Mungu amrehemu."

Nikasubiri anitukane. Aliniaga kwa adabu, kama mgeni.

Hadi leo sijui kama mwamuzi yule alikosea. Ninachojua ni kwamba Jumapili, kitambaa kikianguka, sikio langu bado hutafuta sauti yake.

Basi bishana, mwanangu. Ushabiki usio na ubishi haunogi. Lakini anayekutania amekuhesabu ndugu. Cheka naye, na ukimkosea mfuate siku hiyo hiyo, kabla adabu haijaingia kati yenu. Mungu akujalie watani wenye ulimi mkali, na uzeeke nao.